Jozi Ishirini na Mbili

Wageni walimwita Bi Mwavuli, na jina lenyewe lilimkaa. Kila asubuhi alisimama gatini ameuinua mwavuli wake wa njano, umefungwa, ncha juu, na watu wasiojuana hata kidogo wakajikusanya kumzunguka. Mvua ikinyesha hakuufungua. Mvua ikinyesha, alisema, kila mtu ana mwavuli wazi. Uliofungwa unakuwa mmoja tu, na huo ndio mgeni ataufuata. Basi alilowa chapachapa, akatabasamu, akaendelea kueleza mambo ya visiwa.

Miaka kumi na tisa alikuwa akiifanya kazi hiyo. Safari ilikuwa ileile: boti saa mbili asubuhi, kisiwa kidogo chenye hekalu juu ya jabali, ngazi mia mbili na kumi na nne za kupanda na zilezile za kushuka, kisha majabali marefu ya kusini ambako wageni hupiga picha mpaka simu zinachemka, chakula, kurudi. Mumewe alikuwa dereva wa lori na alilala nyumbani siku mbili kwa wiki, na hata hizo siku mbili alilalamika kwamba mkewe humwamsha usiku akisema, "Tafadhali angalieni kichwa, mlango ni mfupi."

Alikuwa na fahari moja, na hakuificha: hakuwahi kupoteza mgeni. Tena hakuwahesabu. Zamani kidogo mgeni mmoja aliiandikia kampuni barua ya kurasa tatu akilalamika kwamba alinyooshewa kidole na kuhesabiwa kama mbuzi anayeingizwa zizini, na bosi, ambaye barua ya mgeni kwake ni amri kutoka juu, akapiga marufuku vidole. Waongoza wageni wengine walinung'unika. Bi Mwavuli akahamia kwenye viatu. Hekaluni kila mtu huvua viatu chini ya ngazi na kuviweka kwenye rafu ya mbao. Wageni ishirini na wawili, jozi ishirini na mbili. Rafu ikibaki tupu, wote wameshuka. Kwenye boti alifanya vivyo hivyo kwa majaketi ya kuelea, yale ya rangi ya chungwa. Wakifika kisiwani huyavua na kuyatundika kwenye misumari, wakirudi kila mmoja huvaa lake. Misumari ikibaki mitupu, kila mtu yumo. Hesabu hii haimuudhi mtu na haikosei, aliwaambia vijana waliokuja kujifunza kwake, na vijana wakaandika.

Mama yake alikuwa na miaka sabini na minne na hakuwahi kuiona kazi hiyo. Yeye alikuwa mfuaji wa hospitali kwa miaka thelathini, huko bara kusikokuwa na bahari. Alifua mashuka, akayaanika, akayakunja pembe kwa pembe, na mpaka leo hakuna kitu kinachopita mikononi mwake bila kukunjwa. Kazi ya binti yake hakuielewa.

"Hebu nieleze tena," alisema kila walipoonana. "Watu wana macho yao, wana miguu yao, halafu wanakulipa wewe uwaoneshe bahari. Kwani wenyewe hawaioni?"

Safari hii alikuja kutibiwa goti. Alipomaliza sindano zake, siku mbili kabla ya kurudi, alisema, "Sasa nipeleke na mimi nikayaone hayo majabali yaliyokulisha miaka yote hii."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu, maana kampuni haikutaka ndugu kwenye boti ya wageni. Mwongoza wageni mmoja alimpandisha mjomba wake, mjomba akaimba njia nzima, na kesho yake mwenzetu akamwaga unga. Bi Mwavuli alimwendea nahodha, ambaye ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mpole asiyejua kukataa.

"Mama ni mama," alisema shemeji. "Mlete. Atakaa nyuma kwangu. Na jaketi atavaa langu la bluu, ili hesabu yako ya yale ya chungwa isivurugike."

Usiku huo jikoni, mama akiwa anakunja vitambaa vya vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba avikunje, binti alizungukazunguka jiko, akafunua sufuria, akaifunika, mwisho akasema.

"Mama, kesho nina ombi."

"Sema."

"Kwenye boti utakaa nyuma. Na... usiniite."

Mama aliacha kukunja. "Nisikuite vipi?"

"Usiniite tu. Usiniite mwanangu, wala lile jina. Pale mimi ni mtu wa kazi. Bosi akisikia nimepanda na mtu wangu, ndiyo basi tena."

Lile jina lilikuwa Kijiko. Akiwa mdogo alishika kijiko siku moja na kukataa kukiachia, akalala nacho wiki nzima, na jina likamng'ang'ania kama yeye alivyong'ang'ania kijiko. Mama alikuwa na sauti iliyozoea kushindana na mashine za kufulia, na wazo la sauti ile ikipaza "Kijiko!" mbele ya watu waliovuka nusu ya dunia lilimtoa binti jasho. Tuseme ukweli, bosi alikuwa nusu ya sababu tu. Nusu ya pili ilikuwa aibu, na Bi Mwavuli alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa anafunua sufuria isiyo na kitu.

"Sawa," alisema mama. "Sitakuita." Akaendelea kukunja.

Asubuhi mama alivaa gauni lake la kijivu, akajifunga kitambaa cha kijani kichwani, na miguuni viatu vipya vya ngozi alivyonunuliwa na binti yake wiki hiyo. Gatini walisimama mbali mbali. Wageni ishirini na wawili walipanda, mama akapanda wa mwisho kimyakimya akakaa benchi la nyuma na jaketi lake la bluu, mkoba magotini. Bi Mwavuli alishika kipaza sauti, akaanza kuzungumza lugha ya wageni, na mara moja tu alipotupa jicho nyuma alimwona mama amemkazia macho, mdomo wazi kidogo. Alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe akisema lugha ile. Bi Mwavuli alijikwaa kwenye maneno aliyoyasema mara elfu, akakohoa, akageukia upande wa pili.

Hekaluni walifika saa tatu na nusu. Maji yalikuwa yamekupwa, na upande wa magharibi wa kisiwa ilionekana njia ya mawe inayokwenda mpaka kisiwa kikubwa cha ng'ambo, kile chenye gati walikotoka asubuhi. Wanawake wawili walikuwa wanavuka na vikapu. Wageni wakavua viatu. Jozi ishirini na mbili zikapangwa. Mama naye alivua, akavipangusa, akavitia kwenye mkoba. Viatu vipya aviache nje kwa watu asiowajua? Bi Mwavuli aliona, hakusema kitu. Kusema kungekuwa kumjua.

Alitangaza kwa kipaza sauti: dakika hamsini, kisha kila mtu botini, kwa sababu bahari ingeanza kujaa na boti haiwezi kukaa pale. Alitangaza vizuri, mara mbili, kwa lugha ya wageni. Mama hakuelewa hata neno moja. Aliwaona watu wakipanda, akapanda, ngazi moja moja, mkono kwenye goti. Juu kulikuwa na nguzo nene, giza la ndani lenye harufu ya mafuta ya taa za ibada, na kengele kubwa kuliko pipa. Mama alisimama muda mrefu mbele ya kengele. Kisha, kama ilivyo kwa mtu wa umri wake aliyekunywa chai vikombe viwili na kupanda ngazi mia mbili, akatafuta choo, akaoneshwa nyuma ya hekalu, mbali, kwenye kona ya jabali.

Saa nne na dakika ishirini Bi Mwavuli alisimama mbele ya rafu. Jozi moja imebaki. Mwenyewe akaja mbio, akaomba radhi, akavaa. Rafu tupu. Kwenye boti misumari ishirini na miwili, yote mitupu. Akainua mwavuli kumpa ishara shemeji, na boti ikang'oa nanga. Hakutazama benchi la nyuma. Asubuhi nzima alikuwa amejizoeza kutolitazama, na alikuwa ameshaizoea hali hiyo.

Walikuwa wamekwenda dakika ishirini, wageni wanacheka kwa kile kisa chake cha mtalii aliyemuuliza kisiwa kinaelea au kimeshikiliwa, shemeji alipomwita.

"Shemeji. Njoo mara moja."

Akaenda, tabasamu la kazi likiwa bado usoni. Nahodha alionesha kwa kidevu. Juu ya benchi la nyuma lilikaa jaketi la bluu, limekunjwa pembe kwa pembe, kamba zake zimefungwa fundo dogo katikati.

"Yuko wapi?" aliuliza Bi Mwavuli.

"Nilidhani yuko mbele na wewe. Nilipoona wageni wote wamevaa na wewe umenipa ishara..." Shemeji alikuwa ameiva uso. "Sikuwa nimegeuka, shemeji. Nilikuwa naangalia mawe."

Alishika ukingo wa boti. Miaka kumi na tisa hakumwacha hata mgeni mlevi, na leo amemwacha mama yake mzazi juu ya jabali, goti bovu, peke yake, na bahari inajaa.

"Geuza," alisema.

"Tuseme nini kwa wageni?"

Na hapa, jamani, ndipo mwandishi wa habari hii angependa kuficha kitu, lakini hakifichiki. Bi Mwavuli alirudi mbele, akashika kipaza sauti, akasema kwa sauti tamu kabisa kwamba leo wana bahati: nahodha ameamua kuwaonesha hekalu kutoka baharini, upande ambao wageni wengi hawaupati. Wageni walipiga makofi. Alisema uongo huo bila kupepesa macho.

Alijaribu kumpigia mtunza hekalu. Nyuma ya lile jabali hakuna mtandao. Alilijua hilo, alipiga hivyohivyo mara saba. Shemeji aliisukuma mashine mpaka mbao zikatetemeka. Wageni walishikilia kofia zao. Mgeni mmoja, mama mtu mzima aliyestaafu uuguzi, alimtazama Bi Mwavuli usoni muda mrefu, akaacha kupiga picha.

Boti ilikuwa haijatulia vizuri kwenye mawe Bi Mwavuli aliporuka. Rafu tupu. Alipanda ngazi mia mbili na kumi na nne na viatu vyake miguuni, jambo ambalo angemkemea mtu yeyote kwa kulifanya. Hekaluni hamkuwa na mtu. Chooni hamkuwa na mtu. Alizunguka nguzo zote, akaita "Mama!" na mwangwi ukamrudishia neno lake. Alichungulia kule ambako jabali limekatika wima, ambako kila siku huwaambia wageni wasisogee, na kwa muda wa pumzi moja hakuthubutu kutazama chini. Akatazama. Povu tu.

"Bi Mwavuli! Mbona umerudi?"

Ni mtunza hekalu, mtu mnene mwenye rundo la funguo kiunoni, anayependa mazungumzo kuliko kazi.

"Umemwona mama mmoja? Kitambaa cha kijani, gauni la kijivu?"

"Aah, yule! Mcheshi kweli. Hakuwa wa kundi lako, nadhani, maana alisimama hapa ukingoni akaiangalia boti yako ikiondoka mpaka ikawa ndogo, wala hakuita wala hakupunga mkono. Nikamuuliza, mama, unamsubiri nani? Akasema hamsubiri mtu. Akaniuliza kama ile njia ya mawe inafika ng'ambo. Nikamwambia inafika, watu wanavuka kila asubuhi."

"Kila asubuhi! Na sasa ni saa ngapi?"

Mtu yule alitazama bahari, na mazungumzo yote yakamwisha mdomoni.

Walishuka upande wa magharibi wakikimbia, mtunza hekalu akiwa amebeba kamba ndefu wanayotumia kuvutia madumu ya maji. Njia ya mawe haikuwepo. Palikuwa na vichwa vya mawe tu, huku kimoja huku kimoja, na katikati yake maji yanapita kwa nguvu. Hatua kama hamsini kutoka ufukweni, juu ya jiwe moja lenye upana wa meza ya jikoni, alisimama mama. Mkoba wenye viatu ameukumbatia kifuani. Amegeuzia uso ng'ambo, kama mtu anayengoja foleni isogee.

"Mama!"

Upepo ulikuwa wa mbele, hakusikia. Binti aliita tena, kwa sauti ambayo hata mashine za kufulia zingenyamaza. Mama akageuka. Alimwona. Mdomo ukafunguka, kisha macho yake yakapita juu ya bega la binti, kule boti ilikokuwa imejitokeza kwenye kona ya jabali na wageni wote wamesimama upande mmoja wanatazama. Akaufunga mdomo.

Boti haikuweza kusogea. Mawe yale yangeipasua. Shemeji alipiga honi, akaishikilia boti pale pale, hana la kufanya. Mtunza hekalu alifunga kamba kwenye kisiki cha chuma, akamfunga Bi Mwavuli kiunoni.

"Nisamehe, sikujua," alikuwa anasema. "Sikujua ni mtu wako."

"Hakuna aliyejua," alisema Bi Mwavuli, akaingia majini.

Kuogelea alijua, lakini pale si pa kuogelea, ni pa kuvutwa na kugongwa. Alipapasa chini kwa mwavuli, hatua kwa hatua, akitafuta mawe ya njia. Maji ya magoti. Maji ya mapaja. Kwenye kiuno wimbi lilimchota, akagonga nyonga, akanywa chumvi, kamba ikamkata tumboni, akasimama tena. Mwavuli ulijifungua wenyewe ndani ya maji, ukajaa, ukamponyoka, ukaenda zake ukiwa wazi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuugeukia. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya mama, mitupu, na maji yalikuwa yameshaanza kuipanda.

Alifika. Alishika kifundo cha mguu wa mama kwanza, kwa mkono uliokufa ganzi, akakishika kwa nguvu kabisa.

"Panda mgongoni."

"Mimi mzito."

"Mama, panda!"

Mama akapanda. Hakuwa mzito. Hilo lilimuumiza Bi Mwavuli kuliko nyonga. Hakujua mama yake alikuwa amepungua hivyo, na siku tatu nzima walikuwa wamekula meza moja. Mtunza hekalu akaanza kuvuta kamba, na wakarudi, hatua moja, wimbi, hatua moja. Mikono ya mama ilikuwa imemzunguka shingo, na mkoba ukampigapiga kidevuni. Katikati, pale penye maji ya kifua, wimbi liliwafunika wote wawili. Walipoibuka mama alikohoa sikioni mwake, na mikono haikulegea.

"Kwa nini hukuniita?" binti alifoka, analia, anatema maji. "Ulituona tunaondoka! Ungeita mara moja tu ningesikia! Kwa nini hukuniita?"

Maji yalipokuwa ya kiunoni mama alijibu.

"Si uliniambia nisikuite."

"Mama..."

"Nilidhani ndio mpango wako. Nikasema labda bosi amepiga simu, umeona bora uniache hapa usipate matatizo. Nikasema basi, nisimsumbue mtoto, nitajiendea kwa miguu, nimsubiri gatini."

Alisema hivyo bila lawama yoyote, kama anavyotaja bei ya sabuni. Bi Mwavuli alitamani angelaumiwa. Alitamani apigwe. Aliendelea kutembea kwa sababu mgongoni alikuwa na mtu, na maji yakawa ya magoti, kisha ya vifundo, kisha changarawe.

Hakuna aliyempigia makofi alipompandisha mama botini. Yule muuguzi mstaafu alimvua mama kitambaa kilicholowa, akamfunika taulo, akampima mapigo ya mkono bila kuulizwa. Shemeji alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye grisi, na uso ulikuwa umechafuka vibaya.

Bi Mwavuli, maji yakimchuruzika, alishika kipaza sauti. Kilikwaruza. Alisema maneno machache kwa lugha ya wageni, na safari hii hakujikwaa.

"Umewaambia nini?" aliuliza mama.

"Nimewaambia nilisema uongo. Nimewaambia wewe ni nani."

"Eh! Na kazi?"

Binti alisimama katikati ya boti, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu watu kwa sauti, kichwa kimoja kimoja, wa kwanza mama, kisha muuguzi, kisha kila mgeni mpaka wa mwisho, kisha shemeji. Hakuna aliyelalamika kuhusu mbuzi. Akafika ishirini na nne.

"Na wewe mwenyewe?" alisema mama. "Au wewe unabaki?"

"Ishirini na tano," alisema binti.

Majabali ya kusini hawakuyaona siku hiyo. Wageni wenyewe walisema warudi, bibi abadilishe nguo. Mtandao uliporudi, simu za wageni ziliamka zote kwa pamoja, na kabla boti haijafika gatini picha za mwanamke aliyembeba mwenzake baharini zilikuwa zimetangulia. Bosi alikuwa amesimama pale, shati limechomekewa, simu mkononi, uso umekaza.

Mama alimwona kabla ya binti. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Miaka thelathini ya hospitali inakufundisha kumtambua bosi kwa mbali. Alijivua taulo, akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka kando. Alisogea mwisho wa benchi, akakaa wima, akageuza uso upande wa bahari kama mtu asiyemjua yeyote mle botini. Alikuwa bado anatetemeka kwa baridi.

Wageni walishuka mmoja mmoja. Bi Mwavuli alisimama ngazini akiwashika mikono, na bosi akawa anamsogelea, anasema, "Wewe, hebu nieleze, yule ni..."

"Nakuja," alisema Bi Mwavuli. Akamgeukia yule aliyebaki ndani. Boti yote ilikuwa tupu isipokuwa mtu mmoja kwenye benchi la nyuma.

"Mama."

Mama hakugeuka.

"Mama, niite."

Mama alimtupia jicho bosi, akamtazama binti yake. "Nikuite nani?"

"Lile jina."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Mama alivuta pumzi. Kwanza alitoa viatu mkobani, akavivaa taratibu, kimoja, cha pili, mtu asije akasema ameshuka peku. Halafu akaita, kwa sauti ile ya chumba cha kufulia, gati zima likageuka, wabeba mizigo, wauza tiketi, na bosi na simu yake:

"Kijiko! Njoo unishike mkono, ngazi hizi zinateleza!"

"Naam, mama," alisema, akampita bosi, akaenda.